Njia ni ya Mpandaji, si ya Kisanduku

Ipo kasumba mpya inayoenea pamoja na pikipiki na simu za kisasa. Ni kasumba ya kuamini kwamba mtu akishakifunga kifaa cha GPS kwenye usukani na kukitajia mahali anapokwenda, kazi ya kufikiri imekwisha. Kisanduku kikisema apinde kulia, atapinda kulia. Kikimwambia ageuke, atageuka. Na akijikuta mbele ya mto usio na daraja, atakilaumu kisanduku. Mashine imefanywa nahodha, na binadamu amekuwa abiria juu ya chombo chake mwenyewe.

Kasumba hiyo hapana budi ipigwe vita. Sababu si kwamba kifaa hicho ni kibaya. Sababu ni kwamba ni chombo kizuri mno kuachwa kitumiwe na watu waliokataa kukielewa. Aliyejifunza kuipanga njia yake mwenyewe, akaihamishia katika kifaa bila kuipotosha, na akabaki na nakala yake mkononi, huyo anakitumia kifaa. Asiyejua hayo anatumiwa na kifaa, na nyuma ya kifaa wako watu ambao hawajapata kuiona barabara anayokwenda kuipita.

SETILAITI HAZIJUI BARABARA

Watu wengi, wakiwamo wasomi, huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: kujua mahali ulipo, na kujua njia ya kwenda unakotaka. Mfumo wa GPS unafanya jambo la kwanza tu. Ni mali ya serikali ya Marekani, ulijengwa na jeshi la nchi hiyo, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mwezi Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotoka katika njia yake ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti na kudunguliwa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo huo ukikamilika utakuwa wazi kwa matumizi ya raia. Hata hivyo, Wamarekani waliendelea kupunguza kwa makusudi usahihi wa ishara wanazopata raia hadi mwezi Mei 2000, Rais Clinton alipoamuru upunguzaji huo ukome.

Setilaiti hizo huzunguka umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kifaa kikipokea ishara za setilaiti 4 au zaidi, hukokotoa mahali kilipo. Kazi ya setilaiti inakomea hapo. Hakuna setilaiti hata moja inayojua kwamba barabara fulani ina lami, kwamba nyingine imemezwa na korongo, au kwamba kivuko hakivuki baada ya saa 12 jioni. Habari za barabara hutoka katika ramani iliyohifadhiwa ndani ya kifaa, na uchaguzi wa njia hutoka katika kanuni za hesabu zilizoandikwa na mafundi wa kampuni. Ramani inaweza kuwa na makosa. Kanuni zina upendeleo wake: aghalabu hupendelea njia ya haraka, kwa sababu mafundi walimfikiria mtu mwenye gari dogo anayetaka kufika mapema kwa barabara kuu.

Kwa hiyo anayesema "GPS imenipoteza" amesema jambo lisilo kweli. GPS ilimwambia sawasawa mahali alipo. Kilichompoteza ni ramani asiyoikagua na uamuzi alioukabidhi kwa wengine.

MFANO WA MILIMA YA ROMANIA

Ubishi huu unaonekana wazi zaidi katika nchi ambako desturi ya kupanga njia kwa ajili ya pikipiki imekua. Wapanda pikipiki wa Ulaya hutoka kila kiangazi kwenda Romania. Mmoja wao akiwa mjini Sibiu na akataka kwenda Pitești, kusini ya milima ya Carpathian, kifaa chake kitampeleka kwa bonde la mto Olt, kupitia Râmnicu Vâlcea. Ndiyo njia ya haraka, na ndiyo njia ya malori. Lakini mtu huyo hakusafiri nchi nzima ili afuate moshi wa malori bondeni. Alikwenda ili aipande barabara ya DN7C, iitwayo Transfăgărășan, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hadi 1974, ambayo hujipinda mlimani hadi kufikia mita 2,042 juu ya usawa wa bahari.

Kifaa kilichotajiwa neno "Pitești" peke yake hakikukosea kumpeleka bondeni. Kiliulizwa swali bovu, kikatoa jibu linalolingana na swali. Lakini mpandaji aliyekaa mezani jioni na kuweka alama moja tu ya kupitia, penye ziwa Bâlea karibu na kilele, ataipata barabara aliyoikusudia. Alama moja imetosha kuubadili uamuzi wa mashine ukawa uamuzi wa binadamu.

Mfano huo haukomei hapo. Barabara hiyo ya mlimani kwa kawaida hufungwa kwa theluji tangu mwishoni mwa mwaka hadi mwanzoni mwa kiangazi. Anayeweka alama penye ziwa bila kuuliza habari za msimu atafikishwa kwa usahihi mkubwa mbele ya kizuizi. Basi kupanga njia si kuchora mstari tu. Ni kukusanya habari za barabara, za majira ya mwaka, za mafuta na za mahali pa kulala, kisha kuamua. Mstari huchorwa baada ya uamuzi.

ELIMU YA KUWEKA ALAMA

Wapo wanaojaribu kupanga, lakini wakapanga ovyo, kisha wakakata tamaa na kurudia utumwa wao wa zamani. Kosa lao ni dogo na dawa yake ni ya kujifunza kwa siku moja.

Alama za njia ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ni kituo cha lazima: kifaa hukitangaza mpandaji anapokikaribia, na asipokifikia kifaa huendelea kumhimiza arudi. Kituo cha namna hiyo kinafaa mahali pa mafuta, pa chakula au pa kazi. Aina ya pili ni alama ya kuelekeza: hukaa kimya na kazi yake ni kuuvuta mstari upite barabara iliyochaguliwa. Anayeigeuza kila alama kuwa kituo cha lazima anajitengenezea mnyapara. Daraja likiwa limekatika naye akazunguka, kifaa kitaendelea kumvuta arudi penye maji hadi atakapokiambia kikiruke kituo kile.

Alama isiwekwe penye njia panda, kwa sababu ikikosea mita chache tu itaangukia barabara nyingine, na kifaa kitamwingiza mpandaji humo, kisha kumgeuza. Iwekwe mbele ya njia panda, juu ya barabara yenyewe, baada ya ramani kukuzwa mpaka barabara ionekane wazi. Penye barabara ya pande mbili zilizotenganishwa, iwekwe upande wa mwendo. Zisiwe nyingi kupita kiasi, wala zisiwe chache hata mashine ikapata nafasi ya kujiamulia. Safari ya siku nyingi igawanywe, kila siku na faili lake, na kila faili lipewe jina linaloeleweka. Hayo ni mambo ya nidhamu kuliko ya ufundi.

USALITI WA NJIANI

Lakini hatari kubwa haiko mezani. Iko katika kuihamisha njia kutoka mezani kwenda kwenye usukani. Hapo ndipo wengi husalitiwa wasijue wamesalitiwa na nini.

Njia ikishapangwa katika kompyuta au simu, kwa kawaida hutolewa kama faili la aina ya GPX, kisha hupitishwa kwa waya, kwa kadi ya kumbukumbu au kwa mawasiliano ya karibu ya simu hadi kwenye kifaa. Ndani ya faili hilo njia inaweza kuandikwa kwa namna mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha jambo lote. Namna ya kwanza ni njia ya maagizo: orodha fupi ya alama, ambayo kifaa huipokea na kujikokotolea chenyewe barabara za kati. Namna ya pili ni nyayo: mamia au maelfu ya nukta zilizosongamana, zinazoonyesha mstari wenyewe bila kuacha nafasi ya kukisia. Ya kwanza ni kama kumtajia msafiri majina ya vijiji vitatu na kumwacha atafute njia ya kuviunganisha. Ya pili ni kama kumtangulia na kukwaruza mstari ardhini kwa fimbo.

Anayetuma njia ya maagizo ajue kwamba hakutuma barabara, ametuma maombi. Kama ramani ya kompyuta ni ya toleo moja na ya kifaa ni ya toleo lingine, barabara zitakazotokea huenda zikatofautiana. Kama mezani alipanga kwa umbali mfupi na kifaa kimewekwa kwenye mwendo wa haraka, zitatofautiana. Kama kifaa kimeamriwa kuepuka barabara zisizo na lami, basi mpango wote wa kupita barabara za vumbi utatupwa kimyakimya, na mpandaji atazungushwa akidhani anaufuata mpango wake. Watu wawili waliopewa faili moja la maagizo wanaweza kuondoka pamoja asubuhi na kutengana kabla ya adhuhuri, kila mmoja akiapa kwamba anafuata njia waliyokubaliana.

Dawa ipo. Zitumwe zote mbili, njia ya maagizo na nyayo zake, ili moja isemapo uongo nyingine iumbue. Mipangilio ya kifaa ilinganishwe na ile ya mezani. Amri ya kupanga upya peke yake pindi mpandaji anapotoka njiani izimwe, au kifaa kilazimishwe kuomba ruhusa kwanza. Na kabla ya kuwasha pikipiki, njia iliyofika katika kifaa ikaguliwe mwanzo hadi mwisho: umbali wake ukilingana na ule wa mezani, ni dalili njema, ukizidi au kupungua, kuna mkono mwingine umeingia.

NANI ANASHIKA UFUNGUO

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni upande wa umiliki. Muundo wa GPX ulitolewa mwaka 2002 na kampuni ya TopoGrafix ya Marekani, na toleo lake la mwaka 2004 linatumika hadi leo. Ni muundo ulio wazi, hautozwi ada, na faili lake ni maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Kwa hiyo njia iliyoandikwa kwa GPX inaweza kutoka katika programu ya kampuni moja kwenda katika kifaa cha kampuni nyingine.

Biashara, hata hivyo, ina tabia yake. Siku hizi mpandaji hushawishiwa aziache njia zake zote katika akaunti ya mtandaoni, ndani ya programu ya kampuni, akiahidiwa kwamba zitamfuata kila aendako. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Garmin, mojawapo ya zinazoongoza kwa vifaa hivi, ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake kadhaa za mtandaoni zikasimama kwa siku kadhaa. Kampuni hiyohiyo imeacha kuiendeleza BaseCamp, programu ambayo wapanda pikipiki wengi waliitumia kwa miaka mingi kupangia safari zao. Hilo si kosa la jinai. Kampuni ina haki ya kuacha bidhaa yake. Lakini linafundisha. Aliyekuwa na mafaili yake ya GPX katika hifadhi yake mwenyewe aliyahamishia kwingine, akaendelea na safari. Aliyekuwa amekabidhi kila kitu alibaki akisubiri hisani ya mwenye seva.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi: njia ambayo mwenyewe hawezi kuitoa kama faili na kumpa mwenzake si njia yake. Ameazimwa tu.

"HAYO NI MAMBO YA WAZUNGU"

Watakuwapo watakaopinga. Watasema kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Ulaya wanaopanda milima kwa starehe, na kwamba Mtanzania akitaka kujua njia atauliza wenyeji. Hoja hiyo ina sura ya unyenyekevu, lakini ndani yake imejaa uvivu.

Nchini Tanzania pikipiki si chombo cha starehe. Mwezi Aprili 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani ili wawafikie wakulima. Wapo pia wahudumu wa afya wanaopeleka chanjo, maafisa wa elimu wanaokagua shule na watendaji wanaozunguka vijiji. Hao hawapandi ili kutazama mandhari. Wakipotea, chanjo hupata joto, mkulima hukosa ushauri wa msimu, na mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha ya umma huteketea barabarani bure. Kama mtu wa starehe anaona haja ya kukaa mezani na kuipanga njia yake, mtu wa kazi ana haja hiyo mara kumi.

Ama kuhusu wenyeji, kuuliza si ujinga, na hakuna kifaa kitakachochukua nafasi ya mzee anayejua mahali mto unapovukika wakati wa masika. Lakini swali ni hili: baada ya mzee kusema, maneno yake yanakwenda wapi? Leo yanabaki katika kichwa cha afisa mmoja. Afisa huyo akihamishwa, huondoka na njia zote alizojifunza kwa miaka mitatu ya matope na kuanguka, na mwenzake anayekuja huanza kuuliza upya kana kwamba ofisi haijapata kuwa na mtu. Ofisi hutunza jalada la barua na daftari la vifaa, na hukabidhiana hata viti, lakini haikabidhiani njia. Huu ni upotevu ambao hakuna mkaguzi anayeuandika.

Wala hoja ya gharama haisimami. Kifaa maalumu cha pikipiki kisichoogopa mvua ni ghali, hilo ni kweli. Lakini simu ya kawaida yenye programu kama OsmAnd au Organic Maps hubeba ramani ya mkoa mzima bila mtandao, na husoma faili la GPX. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo. Basi walimu wengi wanacho tayari chombo kinachotosha kuipangia njia mezani. Kinachokosekana ni nia.

Na walimu wana sababu ya pekee ya kulishika jambo hili. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo kila mwalimu wa jiografia anazifahamu, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Anayesoma latitudo na longitudo katika ramani ile na kuziingiza katika kifaa bila kuzibadili atakosea kwa mita 300 hivi. Mbugani mita 300 si kitu. Milimani ni ng'ambo nyingine ya korongo. Nani atalifundisha hilo kama si mwalimu?

Ramani zenyewe, ambazo programu hizo hutumia, hazishuki kutoka mbinguni. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia mitaani pamoja na wakazi kuchora njia, mifereji na majengo ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Walithibitisha kwamba uwezo wa kuijaza ramani upo. Mahali ambapo barabara ya kijiji haimo, lawama haiwezi kutupiwa kampuni ya ng'ambo peke yake. Inawagusa pia wanaoipita barabara hiyo kila wiki wakiwa na simu mfukoni inayoweza kurekodi nyayo, wasizirekodi.

YAFANYIKE SASA

Yanayotakiwa si makubwa. Kila ofisi yenye pikipiki za kazi iwe na hifadhi ya njia zake: nyayo zilizorekodiwa za kila kijiji na kila shule, katika faili la GPX, zikiwa na maelezo ya barabara ipi hupitika wakati wa masika na ipi ni ya kiangazi tu. Nyayo zinazoishia nyumbani kwa mgonjwa au kwa mtumishi zisitangazwe hadharani; hizo ni siri za watu. Mtumishi anayehamishwa azikabidhi njia kama anavyokabidhi ufunguo wa kabati. Anayenunua kifaa kwa fedha ya umma aulize kwanza kama kinapokea na kutoa GPX, na kama kinafanya kazi bila mtandao; kisichofanya hivyo kiachwe dukani. Na mpandaji afundishwe kwamba kioo hutazamwa pikipiki ikiwa imesimama, kwa sababu njia bora kuliko zote haimfai aliyegonga mti.

Mwezi Agosti 2009, katika jangwa la Death Valley huko California, mama mmoja aliyefuata maelekezo ya kifaa aliingia njia iliyoachwa, gari lake likakwama, na mtoto wake wa miaka 6 akafariki. Askari wa hifadhi hiyo wana jina kwa misiba ya namna hii: kifo kwa GPS. Jina hilo ni kali, lakini bado linamtaja mshtakiwa asiye na hatia. Setilaiti hazikuua mtu. Kinachoua ni njia iliyopangwa na asiyekuwapo, ikafuatwa na asiyeikagua.

Kisanduku kinapaswa kukumbuka kile binadamu alichokwisha kuamua. Siku kinapoanza kuamua peke yake juu ya mito na milima ambayo hakuna mtu aliyeichunguza, mpandaji hana tena msaidizi, ana bwana. Na bwana huyo, pikipiki ikizama katika matope saa moja jioni, hatashuka kusukuma.